Kabla ya Kutaja Mwaka, Pima Chumba

Kwa miaka mingi nimefundisha historia ya majengo na ya mandhari iliyotengenezwa kwa mikono ya watu, na wanafunzi wangu wengi wamekuwa wakiingia darasani wakiamini kwamba somo hili ni orodha ya mitindo ya Ulaya inayokaririwa usiku mmoja kabla ya mtihani. Siwalaumu, kwa kuwa nami nilifundishwa hivyo hivyo: tulianzia Misri, tukapita Ugiriki na Roma, tukayazunguka makanisa ya Ufaransa, na muhula ulipokaribia kwisha ndipo mwalimu wetu akakumbuka kwamba kuna Kilwa, akaipa dakika ishirini. Makala haya nayaandika kwa ajili ya walimu vijana, na kwa wanafunzi wanaokusudia kufanya utafiti juu ya miji na bustani za pwani yetu. Ninachowashauri ni kwamba jengo pamoja na ardhi lililosimama juu yake vipimwe na kuulizwa maswali kwanza, ndipo mwaka, mtindo na jina la aliyejenga vitajwe. Ushauri huu sikuupata vitabuni. Niliupata kwa kukosea mbele ya watu.

Kosa lenyewe nililifanya Mji Mkongwe wa Unguja, katika muhula wangu wa pili wa kufundisha. Niliwasimamisha wanafunzi kumi na wawili mbele ya nyumba yenye mlango mzuri wa nakshi, nikawaeleza kwa kujiamini kwamba, kwa kuwa ubao wa juu wa mlango umenyooka na haukupindwa kama upinde, mlango huo umetangulia ile yenye upinde iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19 kwa athari za Kihindi, na kwamba kwa hiyo nyumba nayo ni ya zamani kuliko jirani zake. Mzee mmoja, fundi seremala, alikuwa ameketi barazani akisikiliza. Alisubiri nimalize, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, usemayo juu ya mlango ni kweli, lakini mlango huu si wa nyumba hii. Mimi na marehemu ndugu yangu ndio tuliouleta hapa kwa mkokoteni, kutoka nyumba iliyoanguka huko mtaa wa Malindi." Akanyanyuka, akanionyesha jinsi miimo ilivyokatwa chini ili ienee, na jinsi nafasi iliyobaki pembeni ilivyojazwa kokoto na saruji. Wanafunzi walicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa kidogo.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni ambayo kila mwanafunzi wangu huiandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake: tarehe iliyochongwa mlangoni ni ya mlango, tarehe ya kaburini ni ya kaburi, na tarehe iliyo kwenye kibla ya msikiti ni ya kitu kilichosimama pale siku ile, ambacho huenda si hiki tunachokiona leo. Mfano ninaoupenda ni msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Pale kuna maandishi ya Kikufi, ile hati ya kale ya Kiarabu, yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na kuna maandishi mengine yanayotaja mwaka 1184 wa Hijria, yaani 1770, msikiti ulipojengwa upya. Mwanafunzi anayenukuu ya kwanza na kuyaruka ya pili huwa amezizeesha kuta kwa zaidi ya karne sita kwa kiharusi kimoja cha kalamu. Na kwa kuwa nimeitaja Hijria, nionye pia juu ya kubadilisha tarehe kwa haraka: mwaka wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa takribani siku 11, na mara nyingi huanza katika mwaka mmoja wa Miladia ukaishia katika mwingine. Lile kaburi mashuhuri la Gedi, mji wa magofu katika pwani ya Kenya, lenye mwaka 802 ni la 1399 au 1400. Andika yote mawili, usichague moja kwa sababu tu linapendeza katika jedwali.

Siku hizi kipindi cha kwanza cha muhula sianzi kwa picha za hekalu lolote. Naingia darasani na boriti. Ni mti wa mkoko wenye urefu usiofika mita 3, mzito kuliko unavyodhaniwa, na hubebwa na wanafunzi wawili wanaochaguliwa kwa kuchelewa. Tunaulaza juu ya meza mbili, halafu nawauliza swali moja tu: mkipewa miti kama huu mia mbili, pamoja na mawe na chokaa, mtajenga chumba cha upana gani? Mjadala huchukua saa nzima. Wapo wanaotaka kuunga boriti mbili, wapo wanaotaka nguzo katikati, na hatimaye hufika wenyewe kule walikofika mafundi wa kale: boriti ikibebeshwa dari ya mawe na chokaa haivuki kwa usalama zaidi ya mita 3 hivi, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, Pate na Unguja ni virefu na vyembamba, upana wake ukiwa kwa kawaida kati ya mita 2.5 na 3. Mjenzi aliyetaka makubwa hakutanua chumba. Alikirefusha, au aliongeza safu nyingine sambamba nyuma yake. Nyumba ya Lamu ndivyo ilivyopangika, safu baada ya safu, kutoka daka la mlangoni, yaani kibaraza cha kuingilia, hadi kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, kisha misana, yaani kumbi ndefu zinazouelekea ua huo, kisha ndani, kila hatua ikimwingiza mtu katika faragha zaidi kuliko iliyotangulia.

Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zikavushwa hadi Oman na miji ya Ghuba, nchi ambazo hazina miti ya kujengea ya kutosha, na huko nako vyumba vya nyumba za kale vikafuata upana ule ule. Mwanafunzi akishalielewa hilo amekwisha kujifunza jinsi msitu wa mikoko, pepo za kusi na chumba cha kulala vinavyohusiana, na bado hatujautaja mtindo hata mmoja. Nimeona wanafunzi wavivu wakibadilika kwa sababu ya boriti ile, jambo ambalo picha mia tatu za ukutani hazikuwahi kulifanya.

Baada ya hapo nawatuma wakapime nyumba za wazee wao. Vifaa ni futi ya fundi, timazi, pimamaji, chaki na karatasi za miraba; chombo cha kupimia kwa leza nimekikataza kwa mwezi wa kwanza, kwa sababu kinatoa jibu kabla mtu hajaugusa ukuta. Wapime pande nne za chumba, kisha wapime kutoka pembe moja hadi pembe inayoielekea, mara mbili, maana hakuna chumba cha zamani kilicho mraba kamili na tofauti ya pembe hueleza mengi: ukuta ulioongezwa baadaye, jirani aliyekuwepo kabla, njia iliyokuwa hapo na ikalazimisha nyumba ijikunje. Wapime unene wa kila ukuta, kwa sababu ukuta mnene ulioko katikati ya nyumba aghalabu ulikuwa wa nje zamani. Mmoja aliniletea mchoro wa nyumba ya bibi yake Magomeni, ile nyumba ya Kiswahili tunayoijua sote, yenye ushoroba katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, baraza mbele na uwani nyuma, akaniomba radhi kwamba hakupata nyumba ya maana. Mwingine alileta tembe ya Ugogoni, paa lake la udongo likiwa bapa na zizi likiwa katikati. Michoro hiyo miwili ilitutosha kwa wiki tatu. Nilisikitika kwamba wote wawili, wakiwa mwaka wa tatu wa masomo ya usanifu, hawakuwahi kuambiwa na mtu kwamba nyumba walizokulia zina historia.

Sasa niseme juu ya maandishi, kwa sababu nisingependa nieleweke kwamba nyaraka hazina maana. Zina maana kubwa, ila nazo ni shahidi wa kuhojiwa kama shahidi mwingine yeyote. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, kisha akasema kwamba nyumba zake zote ni za miti. Alikutana na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu ukarimu wake. Tatizo ni kwamba sultani huyo huyo ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, jengo la mawe ya matumbawe lenye vyumba zaidi ya mia, nyua kadhaa na birika la kuogelea lenye pande nane, likiwa juu ya jabali linaloitazama bahari, na ndiye anayehusishwa pia na upanuzi wa Msikiti Mkuu. Basi shahidi amemwona mwenye jumba na hakuliona jumba? Kila mwaka nawapa wanafunzi aya ile ya Ibn Battuta na ramani ya magofu, nawaacha wapambane. Baadhi husema msafiri alikosea, baadhi husema mwandishi aliyeandika kwa imla yake ndiye aliyechanganya, baadhi husema kasri lilikuwa bado halijajengwa. Majibu yanayonifurahisha ni ya wale wanaotoka nje ya magofu na kuuliza watu wengi wa Kilwa waliishi wapi, kwa kuwa nyumba za miti, udongo na makuti ndizo zilizokuwa nyingi katika miji yetu yote, nazo haziachi gofu. Huenda msafiri alieleza mji, nasi tunaeleza mabaki.

Suala la nyumba zisizoacha gofu ndilo lililowapotosha watafiti wa mwanzo, ambao walipoona mawe, kibla na nakshi walihitimisha kwamba wajenzi walitoka Uajemi au Uarabuni wakiwa na ufundi wao tayari. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, katika miaka ya 1980, alikuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti iliyoutangulia, mmoja juu ya mwingine, ile ya awali kabisa ikiwa ya miti na kufikia karne ya 8. Yaani jiwe lilikuja baada ya mti, mahali pale pale, kwa watu wale wale. Kwa mtafiti kijana ningeshauri hivi: ukiona ukuta wa mawe usiulize kwanza nani aliuleta, uliza palikuwa na nini kabla yake. Na mitindo ya mbali ikiwepo kweli, kama ilivyo katika hamamu za Kidichi, zilizojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na kupambwa kwa nakshi za lipu za Kiajemi, isemwe bila kuona haya. Hatuhitaji kukana ugeni wa kitu kimoja ili tuthibitishe uenyeji wa kingine.

Kuna jambo dogo la lugha ambalo limenisaidia kuliko nilivyotarajia. Wanafunzi wetu huandika kwa Kiingereza, na istilahi za Kiingereza huwafanya waone vitu ambavyo havipo. Mwanafunzi anayeandika neno la Kiingereza la ua wa ndani hufikiria nyumba ya Kirumi. Akiandika "kiwanda", kama wanavyosema watu wa Lamu, analazimika kueleza ni nini hasa, tena baada ya darasa kwisha kucheka kwa kudhani ni mahali pa kutengenezea saruji. Tangu hapo kila utafiti ninaousimamia huanza na faharasa ya maneno ya watu wa nyumba hiyo, yakiwa na sauti ya mahali hapo: daka, msana, zidaka, mfaa wa mlango, sakafu, dari, roshani. Utashangaa jinsi neno linavyobeba ujenzi. Sakafu ya zamani, kwa mfano, haikumwagwa. Ilipigiliwa kwa vigongo siku nyingi, chokaa na kokoto, kwa nyimbo, hadi ikawa ngumu na kung'aa.

Nikija kwenye mandhari, hapa ndipo naona udhaifu mkubwa zaidi katika ufundishaji wetu. Walimu wengi hudhani kwamba historia ya bustani ni ya Waingereza na Waitalia, na kwamba sisi tulikuwa na mapori na mashamba tu. Zoezi langu la kwanza la mandhari halihitaji hata kutoka darasani: nawapa majina ya mitaa. Mjini Unguja kuna Mkunazini, Michenzani, Miembeni, Kikwajuni na Mnazi Mmoja. Dar es Salaam kuna Mikocheni, Mbuyuni, Mwembechai na Mnazi Mmoja nyingine. Miti hiyo ilikuwa alama za njia, vivuli vya mikutano na mipaka ya ardhi kabla ya ramani yoyote. Darajani kulikuwa na daraja, kwa sababu palikuwa na hori lililoutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla halijafukiwa, na Ng'ambo yenyewe haina maana bila maji yale yaliyokuwa katikati. Forodhani palikuwa pa kutozea ushuru wa forodha. Mwaka 1936 pakawa bustani ya jubilei ya Sultani Khalifa bin Haroub. Mwaka 2009 bustani ikafunguliwa upya baada ya ukarabati wa Shirika la Aga Khan. Mtu anayekula urojo pale jioni anakaa juu ya tabaka tatu za historia, na jina bado linamkumbusha ile ya kwanza.

Kisha tunakwenda shambani. Watu hushangaa ninaposema kwamba shamba la mikarafuu ni mandhari iliyobuniwa, lakini hebu tazama: miti imepandwa kwa safu, kwa nafasi zilizopimwa, nyumba ya mwenye shamba ikiwa juu penye upepo, sakafu ya kuanikia karafuu ikiwa mbele yake ili aione, makazi ya wafanyakazi yakiwa pembeni. Wafanyakazi hao, kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, walikuwa watumwa. Mwalimu anayeeleza uzuri wa shamba bila kulisema hilo anafundisha nusu ya mchoro. Na hata umri wa mandhari unahitaji kuhojiwa kama ule wa mlango wangu: kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kwa kiasi kikubwa kikaiacha Pemba, kwa hiyo mtu anayesimama katika shamba la Unguja na kusema anaona kazi ya enzi za Sayyid Said anapaswa kwanza kuiuliza miti.

Mahali ninapopapenda zaidi kwa zoezi hili ni magofu ya kasri la Mtoni, kaskazini ya mji. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, alizaliwa pale mwaka 1844, na kumbukumbu zake, alizozichapisha kwa Kijerumani mwaka 1886, zinaeleza ua mkubwa wenye tausi na paa wakizurura, hamamu zilizokuwa mwisho wa ua, na roshani kubwa iliyoielekea bahari ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huku kwa mawazo. Tunasoma sehemu hiyo kwa sauti tukiwa pale pale, kisha kila kundi linajaribu kuweka alama ya chaki kila kitu kilipokuwa. Hawakubaliani kamwe, nami nawaambia kwamba mwandishi aliandika akiwa mtu mzima, mbali na nyumbani, juu ya ua aliouona akiwa mtoto, na kwamba ua wa utotoni huwa mkubwa. Lakini wanaondoka wakijua kuuliza maji yalitoka wapi na yalipita wapi, kwa sababu maelezo ya hamamu hayasimami bila maji. Hilo la maji ndilo ningelipigia mstari kuliko yote. Ukifika Gedi tafuta visima kabla ya kutazama kasri. Ukifika mjini Unguja fuata njia ya maji ambayo Sultani Barghash aliyaleta mjini kutoka upande wa Bububu. Mji utajipanga wenyewe mbele yako. Bustani nazo zinaweza kuwa na shughuli isiyoonekana kwa macho. Ile ya mimea ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na taasisi ya Amani kule Usambara ya mwaka 1902, zilikuwa mahali pa kujaribia mazao ya koloni, na uzuri ulifuata nyuma.

Juu ya kuingia majumbani sina mengi, ila nisipoyasema mtu ataumia. Piga hodi, subiri, ukijibiwa uingie pale ulipoelekezwa na si zaidi. Nyumba za pwani zimepangwa ili mgeni wa kiume aishie mbele, na watafiti wengi wa zamani walikuwa wanaume; matokeo yake tuna michoro mingi mizuri ya madaka na milango, na michache mno ya majiko, vyoo na nyuzi za kuanikia nguo. Wanafunzi wangu wa kike ndio walionifundisha kwamba sehemu za nyuma ndizo zenye historia nene zaidi, kwa sababu huko ndiko wanakoulizwa wanawake wanaojua chumba kipi kiliongezwa kwa ajili ya harusi ya nani. Harusi na vifo vimeniwekea tarehe za kuta kuliko hati yoyote. Mwulize mama mwenye nyumba, "Bi mkubwa, chumba hiki mlikiongeza lini?" na atakujibu kwamba ni mwaka alipozaliwa fulani, na huyo fulani ana cheti.

Kwenye nyaraka za serikali, jihadhari na mipango miji. Unguja imepangwa na Lanchester mwaka 1923, na Kendall mwaka 1958, na Scholz wa Ujerumani Mashariki mwaka 1968, na wataalamu wa Kichina mwaka 1982. Kila mpango ni hati nzuri ya alichotaka mpangaji, si ya kilichopo. Wapo wanafunzi walionukuu barabara ambazo hazijawahi kukatwa. Chukua nakala ya ramani, tembea nayo kwa miguu, na weka alama mbili tofauti: kilichofanyika na kilichobaki karatasini.

Msukumo wa kupima si wa kitaaluma tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Barghash mwaka 1883, ilianguka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, lenye paa lake la zege kama miavuli iliyopinduliwa. La kwanza lilikuwa limepigwa picha maelfu ya mara, na picha si kipimo. La pili lilikuwa la miaka ya 1970, na kwa wanafunzi wangu jengo la miaka ya 1970 lilikuwa bado si historia. Tangu hapo kila kundi hupima jengo moja la zege kwa kila jengo moja la chokaa. Na wakiwa kwenye la chokaa nawataka wakague lipu kwa kucha: ikiwa ni saruji iliyopakwa juu ya ukuta wa matumbawe, wataona unyevu umefungiwa ndani, na wakipanda juu watakuta ncha za boriti zilizomo ukutani zimeanza kuoza. Chokaa iliuacha ukuta utoe unyevu wake. Fundi yeyote wa Mji Mkongwe analijua hilo, na bado kila mwaka namkuta mtu na mfuko wa saruji mlangoni, kwa sababu saruji inauzwa dukani na chokaa iliyoiva inataka kusubiriwa.

Mwisho, rudisha ulichochukua. Sizungumzii shukrani katika kurasa za mbele za tasnifu, ambazo mwenye nyumba hatazisoma. Nazungumzia nakala ya mchoro, kubwa, yenye majina ya vyumba kwa maneno yake mwenyewe, ipelekwe kwa mkono. Tulifanya hivyo kwa nyumba moja ya Mkunazini, na mwaka uliofuata tulipokwenda kusalimia tukakuta mama mwenye nyumba ameutundika sebuleni ndani ya fremu ya kioo. Kabla ya kuutia kwenye fremu alikuwa ameusahihisha kwa kalamu ya wino mwekundu. Kisima, aliandika, mmekikosea. Kiko upande wa pili wa ukuta, chini ya ngazi, tulikifunika mwaka alioolewa dada yangu. Tukatoa futi, tukapima upya ngazi na sakafu iliyo chini yake, na pale alipoonyesha tukakuta duara la lipu lenye rangi tofauti na sakafu iliyolizunguka.